Ubao Uliokuwa Mlango

Gari lililomleta dada yangu Wabiwa kutoka hospitali ya Uvira lilipita Mboko mchana, na watu wa pale walikuwa wameanika muhogo pembeni mwa barabara, upande huu na upande ule, juu ya mikeka na maturubai yaliyochanika. Dereva alipunguza mwendo ili asikanyage chakula cha watu. Mimi nilikuwa nyuma, pembeni ya sanduku alimolazwa, mkono wangu juu ya ubao wake ili lisirukeruke kwenye mashimo. Harufu ikaingia. Muhogo uliolowekwa ukatolewa kwenye maji unanuka chachu, kama kitu kilichosahauliwa ndani ya chungu, lakini jua likishaupiga vizuri ile chachu inaondoka na inabaki harufu nyingine, ya unga na vumbi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonikamata. Kwa watu wengi ni harufu ya jikoni. Kwangu mimi ni harufu ya darasa la Kiingereza.

Ninyi mliokuwa watoto hapa mjini Baraka wakati ule wa vita mnakumbuka jinsi chaki ilivyokosekana. Mitumbwi ilikuwa inavuka ziwa na chumvi, sabuni na wakati mwingine dawa, lakini hakuna mfanyabiashara aliyejisumbua kuleta chaki. Walimu wakaandika kwa muhogo mkavu. Kipande kigumu, cheupe, kikisuguliwa kwenye jiwe kinapata ncha, na kinaandika vizuri kuliko mtu anavyofikiri. Shida yake ni kwamba wanafunzi walikuwa na njaa. Mwalimu alikuwa anaweka chaki yake mfukoni, hata akienda kukojoa anaenda nayo.

Katika shule yenyewe walikuwa wanalala askari, na madawati walikuwa wameyapikia maharagwe. Sekondari ikahamia kanisani. Wanafunzi walikaa juu ya matofali, na ubao wao ulikuwa mlango, mlango wa kweli wa nyumba iliyoungua, ambao mtu fulani aliukokota hadi pale, akaupaka unga wa makaa uliochanganywa na maji ya majani. Uliegemezwa ukutani chini ya msalaba. Tundu la kufuli lilikuwa bado pale pembeni, na mwalimu akiandika sentensi ndefu alikuwa analiruka.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa bado mdogo wa kupoteza meno, na Wabiwa alikuwa ananipeleka kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubaki nami. Mama yetu alifariki siku niliyozaliwa. Baba alikuwa anashinda ufukweni akivuta nyavu za watu ili apewe samaki wachache. Shangazi Mwamini, dada yake baba, ndiye aliyetupokea nyumbani kwake, na alikuwa sokoni na ndagala zake, samaki wale wadogo wa ziwani, toka asubuhi. Kumwacha mtoto wa kike peke yake nyumbani, siku zile, kila mtu alijua maana yake. Kwa hiyo nilikaa nyuma kabisa ya kanisa, na mguu wangu umenyooshwa mbele, kwa sababu nilikuwa na kidonda cha jembe kwenye unyayo ambacho kilikataa kupona.

Lazima niseme jinsi tulivyofika Baraka, la sivyo yatakayofuata hayataeleweka.

Tulikuwa tunakaa Lubondja, juu milimani, baba, Wabiwa, mimi, na Koko, mama yake baba. Koko ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenitafunia chakula, na mgongo wa kwanza ninaoukumbuka ni wake. Lakini miguu yake ilikuwa imevimba siku nyingi, mpaka akawa anasogea kwa kukaa na kujivuta. Asubuhi ile, jua likiwa limeshatoka, bunduki zililia upande wa pili wa bonde, kisha karibu zaidi, na watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yetu na vyungu na mbuzi. Baba alisimama mlangoni akituangalia. Aliangalia mguu wangu, akaangalia miguu ya Koko. Halafu akafanya mambo upesi sana: maji kwenye bidoni, ndizi za kuchoma juu ya jani, kiko chake na tumbaku karibu na mkono wake. Akamwambia kwamba atarudi kumchukua kesho, au kesho kutwa. Koko hakulia. Watu wakisimulia mambo haya wanapenda kusema mzee alilia au alibariki. Yeye alijifunika kitenge mabegani na kusema, "Murudishe mulango. Baridi inaingia."

Baba akaurudisha. Akaufunga kwa kamba kwa nje, ili mbwa wasiingie. Akaniinua mgongoni, tukaenda.

Tulipofika kwa shangazi, baba alimwambia kwamba mama yao alikufa kwa homa kabla ya bunduki kulia, na kwamba alimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Shangazi alianguka chini pale pale uani. Kesho yake alinyoa kichwa. Majirani walikuja wakakaa chini na sisi, wakaleta unga, wakaleta ndagala, wakaimba. Mimi nilikula. Sikushangaa hata kidogo, kwa sababu nilifikiri wanamlilia Koko mwingine, Koko wa shangazi, na kwamba yule wa kwangu yuko Lubondja anavuta kiko. Siku moja tu nilipotaka kumwambia shangazi kwamba wa kwangu ni mzima, Wabiwa alinivuta hadi nyuma ya choo. Aliniambia nisiseme jambo la Koko kwa mtu yeyote, si kwa Kiswahili, si kwa Kibembe, kwa sababu shangazi akijua atatufukuza na tutalala nje kama mbuzi. Nikaapa. Nilijua vizuri lugha mbili zilizokatazwa.

Kiingereza kilikuwa somo la mwalimu mmoja, Prof Amisi. Alikuwa mtu mwembamba wa mtaa wa wavuvi, aliyewahi kuishi Kigoma miaka mingi na akarudi na koti la kijivu na hicho Kiingereza. Sijui kama kilikuwa kizuri. Hakuna aliyeweza kumpima. Muhula ule alikuwa anafundisha vitenzi ambavyo yeye aliviita vitenzi vyenye mkia. Alisema Mwingereza anachukua neno moja dogo ambalo kila mtu analijua, analifunga mkia, na mnyama anageuka. "Leave" peke yake ni kuondoka. Umeondoka, basi, hatujui zaidi. Lakini ukimfunga "behind" kama mkia, hapo kuna mtu au kitu kilichobaki. Leave behind. Mkia unaangalia kule ulikotoka.

Alituonyesha, ninasema alituonyesha kwa sababu nilisikiliza kuliko wengi wao, kwamba kitenzi hicho kina njia zake. Unaweza kukiacha kitu nyuma kwa kusahau, kwa haraka. Unaweza kukiacha kwa sababu hukuweza kukibeba. Unaweza kumwacha mtu nyuma katika mbio, ukamshinda. Na mtu akifa, anaacha nyuma mke na watoto. Wakati uliopita unasema left, si leaved, na aliyesema leaved alipigwa kwenye vidole. Kitabu chake pekee kilikuwa na mfano wa mtu aliyeacha mwavuli kwenye treni. Prof Amisi aliusoma, akafunga kitabu.

"Hapa Baraka treni iko wapi?" akauliza. "Nani kati yenu alishaona treni? Munilete sentensi ya kweli, yenye ilipita katika maisha yenu. Ya uongo mi siandike."

Alikuwa na sheria nyingine, na hiyo aliipigania zaidi kuliko left na leaved. Mwenye kuacha lazima atajwe kwanza. Mtu akisimama na kusema tu kwamba kitu fulani kiliachwa, Prof alikuwa anauliza nani alikiacha, na anauliza tena, mpaka jina litoke. "Usifiche mutu nyuma ya kitenzi," alikuwa anasema. Mara moja msichana mmoja, Sifa, alimwomba yeye mwenyewe atoe mfano wake. Prof aligeukia dirishani. Alisema mwalimu hatoi sentensi, mwalimu anasahihisha.

Aliyesema bila kosa, sentensi yake iliandikwa juu ya mlango, darasa lote likaisema kwa pamoja, na yeye akapewa kile kipande cha muhogo kilichobaki. Aliyekosea alikaa, na wenzake walimshughulikia. Walikuwa wabaya wale watoto, nisiwadanganye. Wakubwa walikuwa wameipenda ile maana ya mbio, na uwanjani walikuwa wanamkimbiza Bahati, mvulana aliyepigwa risasi ya paja akabaki anachechemea, halafu wanasimama mbali wanamngoja wakicheka. Walimwita Bihaindi. Mwishoni hata yeye aliitika. "Bihaindi, kuya," na anakuja.

Sasa niseme nilichokiona mimi kutoka nyuma ya kanisa. Wa kwanza kusema vizuri alikuwa Ramazani. Alisema aliacha baiskeli yake Mboko. Left, behind, jina lake mbele, hakuna kosa. Iliandikwa mlangoni. Na siku chache baadaye Ramazani alikuja shule na baiskeli, kwa sababu mjomba wake alipita njia ile akaikuta. Wa pili alikuwa Sifa. Alisema mama yake alimwacha mdogo wake kwa wageni kule Kilembwe. Iliandikwa. Kabla mvua hazijaanza, mtoto yule alishuka kwenye lori la makaa ya wauzaji fulani, mwembamba, amepauka, lakini mzima, na Sifa akamleta darasani kama kitu alichoshinda. Wa tatu alikuwa Bahati. Alitaka kusema kwamba baba yake aliacha nyumba yao. Alisema leaved. Alipigwa vidole, akakaa, hakikuandikwa kitu. Na wiki hiyo hiyo watu waliotoka kwao walileta habari kwamba nyumba imechomwa.

Mimi sikuhitaji ushahidi zaidi. Niliona waziwazi kwamba ubao ule ulikuwa mlango, na kwamba kitu kikiandikwa pale bila kosa kinafunguliwa, kinakuja. Kikikosewa, kinabaki huko, au kinaungua. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nafikiri wakubwa wote wanajua na ndiyo maana wanakuja shule hata bunduki zikilia.

Nikaanza kutengeneza sentensi yangu. Nilikuwa naisema nikiosha sahani ziwani, maji yakinifika magotini, mdomo ukisogea bila sauti. Nilimuuliza Wabiwa, kama mchezo, baba yangu wanamwitaje kwa Kiingereza. Alifurahi. Alidhani nina akili. Alinifundisha my father, akaninyoosha ulimi mpaka nikaweza. Neno Koko sikuuliza. Niliamua Koko ni Koko kila mahali. Alinitengeneza hata nywele vizuri jioni ile, na akasema nikikua nitakuwa Prof mwenyewe, na yeye atakuwa ananipikia.

Halafu zamu yake ikafika. Wabiwa alikuwa hodari, kila mtu alijua, na alikuwa ameikwepa zamu hiyo kwa kuumwa kichwa na kwa kutumwa sokoni. Siku ile Prof alimwita jina mara mbili. Akaenda mbele, akasimama upande wa tundu la kufuli, mikono nyuma. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, kwamba mwavuli uliachwa kwenye treni.

Walicheka mpaka matofali yakatikisika. Mmoja akamuuliza treni ya Lubondja inapita saa ngapi. Mwingine akasema mwache dada, ni mtoto wa tajiri, kwao wanalalia miavuli. Prof hakucheka. Alisema hiyo ni ya kitabu, na tena imeficha mtu. Nani aliacha? Prof akamwambia ametoka Lubondja kwa mguu kama watu wote, na mtu aliyetoka kwao kwa mguu hawezi kukosa kitu alichoacha. Nani aliacha? Aliacha nini? Niliona vidole vya dada yangu vikifinyana mgongoni. Prof akamwambia akae. Na akachukua kitambaa kupangusa ubao.

Mnaelewa nilichokiona mimi. Niliona mlango wa Koko unapanguswa.

Nilisimama. Mguu uliuma, nilikumbuka baadaye. Nikasema kwa sauti kubwa, kama nilivyofanya ziwani lakini sasa na sauti, "My father left Koko behind."

Wote waligeuka. Kwanza walitaka kucheka, kwa sababu ya udogo wangu, lakini kicheko hakikutoka. Neno Koko walilielewa bila mwalimu. Prof Amisi alibaki na kitambaa mkononi. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama Koko alikuwa ameshakufa.

"Apana," nikasema. "Alisema turudishe mulango. Baridi ilikuwa inaingia."

Wabiwa alikuwa ameinamisha uso magotini. Prof alinitazama, na mpaka leo sijajua nini kilipita kichwani mwake, wala sitaki kumtengenezea huruma au ubaya ambao sikuuona. Nilichokiona ni kwamba aligeuka, akasugua muhogo wake kwenye jiwe, akaandika. Hakukuwa na kosa. Alibadilisha tu mwanzo, ili iwe baba yake yule mtoto, si baba wa kila mmoja wao. Halafu akasema, kama kwa sentensi nyingine yoyote, "Wote."

Wakasema. Kwanza kwa kusitasita, halafu akagonga ubao, wakasema kwa nguvu, kwa pamoja, wavulana wenye sauti nzito na wasichana, na Bahati pamoja nao. Baba yake alimwacha Koko nyuma. Kanisa lile halikuwa na madirisha ya kioo. Sauti ilitoka mpaka barabarani. Nilikuwa sijawahi kufurahi vile. Prof akaja nyuma nilipokaa, akaniwekea kipande cha muhogo mkononi. Sikukila. Nilikificha kwenye pindo la gauni, kwa ajili ya Koko, kwa sababu angefika na njaa.

Sifa alikuwa anakaa nyumba inayopakana na ya shangazi. Sisemi alitumwa na roho mbaya. Alikuwa na habari, na habari inawasha mdomo. Tulipofika nyumbani, shangazi alikuwa ameshatoka sokoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ndagala hazijaisha. Beseni lake lilikuwa chini, samaki wamejaa nzi. Kitambaa alikuwa amekivua, na nywele zake za baada ya kunyoa zilikuwa bado fupi kama za mvulana. Alingoja mpaka baba akarudi, miguu yake bado ina mchanga.

"Kaka," akamwambia, "kwenye migomba, ulizika nani?"

Baba alinitazama mimi, akamtazama Wabiwa, na nadhani alielewa yote kwa mara moja. Akakaa juu ya jiwe la kusagia. Shangazi hakupiga kelele. Alisema alimlilia mama yake akiwa bado anapumua. Alisema alinyoa kichwa, alipokea unga wa watu, aliimba, na siku zile zote mama yake alikuwa anasikiliza mlango. Alisema angeambiwa angeenda yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye pia alizaliwa na mgongo wa kubebea. Baba alijaribu kueleza njia ilivyofungwa, jinsi alivyojaribu mara moja kurudi akarudishwa na bunduki mtoni. Maneno yalimwishia njiani. Mwishoni alininyooshea mkono, bila hasira, kama mtu anayeonyesha mzigo.

"Mi niko na mugongo moja tu, Mwamini. Huyu alikuwa hawezi kutembea. Na mama hawezi kutembea."

"Ukachagua."

"Nilichagua."

Shangazi akaniangalia. Ni mara ya kwanza ninakumbuka kwamba aliniangalia kwa muda mrefu hivyo, kuanzia kichwani hadi kwenye unyayo uliofungwa kitambaa.

"Basi tuliuza mama," akasema, "tukanunua huyu."

Tulitoka jioni ile kabla jua halijazama. Alituachia mkeka mmoja. Tulikwenda kwenye kibaraza cha kanisa, na kulikuwa na wengine pale, wamejipanga familia kwa familia, wakasogea kidogo. Baba hakumpiga Wabiwa wala mimi. Alikaa mgongo wake ukutani kama anautunza.

Asubuhi tukasikia kwamba shangazi ameondoka peke yake kwenda Lubondja, na panga na bidoni ya maji, na kwamba watu walimsihi asiende. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na furaha, maana sasa nilijua namna ambavyo mambo yatafanyika. Baiskeli ililetwa na mjomba, mtoto wa Kilembwe aliletwa na lori, na Koko angeletwa na shangazi, mgongoni. Nilikwenda kukaa pembeni mwa njia inayotoka milimani, na kila siku nilirudi pale. Watu walipita na mizigo ya muhogo na mkaa. Mama mmoja aliniuliza ninangoja nini, nikamwambia Koko wangu, sentensi yake haina kosa. Akaniangalia, akaendelea na safari yake.

Shangazi alirudi siku moja mchana, vumbi limemfika mapajani. Mgongoni hakuna mtu. Mkononi alikuwa ameshika kamba, kamba ya magome, imekatwa kwa panga pande mbili za fundo, na fundo lenyewe liko zima. Alinipita kwanza. Nikamfuata nikichechemea mpaka kwenye kibaraza, ambako baba alikuwa. Akamtupia kamba ile magotini.

"Fundo yako," akamwambia. "Haikuguswa."

Alichokikuta ndani hakukisema siku ile wala siku nyingine, na baba hakuuliza. Alichukua kamba, akaigeuzageuza, na akajaribu kulifungua fundo kwa kucha, kwa subira, kama vile kazi hiyo ilikuwa bado na faida.

Mimi bado nilikuwa sijaelewa. Nilidhani Koko yuko nyuma anakuja, anajivuta polepole. Nikatoa kile kipande cha muhogo kwenye pindo la gauni, nikamnyooshea shangazi, nikasema ni cha Koko. Akakipokea. Akakigeuza, akaona bado kina makaa ya ubao kwenye ncha. Akanirudishia.

"Kula," akasema.

Nikasema ni cha Koko.

"Kula. Ndiyo kazi yako."

Akasimama pale mpaka nikamaliza. Kilikuwa kigumu, na makaa yake yalikuwa machungu, na nilikitafuna kwa meno ya pembeni kwa sababu ya mbele yalikuwa yametoka. Wabiwa alitaka kunikamata, shangazi akamzuia kwa mkono. Nilipomeza cha mwisho, nikajua. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia nimwachie Koko hata kidogo.

Baba alikwenda kuchimba dhahabu mwezi ule ule, akafia huko, na hatukumzika sisi. Wabiwa hakurudi shule. Aliuza ndagala, halafu mafuta ya mawese, akanilea mimi, akaolewa, akazaa, na katika maisha yake yote sikumsikia tena akisema neno moja la Kiingereza, hata lile la kuwatania watoto. Mara moja tu, tukiwa wakubwa, mtoto wake alikuja na zoezi la shule na kumuuliza maana ya kitenzi fulani chenye mkia. Alimwambia aulize mwalimu. Aliendelea kuchambua maharagwe, na mimi niliendelea, na mikono yetu ilikuwa ikigusana ndani ya ungo.

Kwenye matanga ya Wabiwa, hapa nyumbani kwangu Baraka, shangazi Mwamini aliletwa na kijana wa bodaboda. Ni mzee sana sasa. Wanawe walivuka ziwa na hawakurudi. Miguu yake imevimba kama ya mama yake, na ilibidi vijana wawili wamshushe. Toka siku ile ya kibarazani hakuwahi kuniita jina. Alikaa na wanawake kwenye mkeka, akamlilia Wabiwa vizuri, kwa haki. Katekista alipotaja watoto ambao marehemu amewaacha nyuma, akataja na mimi, ndugu yake, shangazi aliinua kichwa akanitafuta kwa macho, kisha akainamisha.

Matanga yakaisha. Watu walikunja mikeka yao, wakaosha sufuria, wakaenda mmoja mmoja. Kijana wa bodaboda hakurudi kumchukua. Nilimngoja siku ile, na siku iliyofuata sikumngoja tena. Nilimtandikia kwenye chumba cha mbele, nikampa maji ya kunawa, nikamwekea chakula karibu na mkono. Alasiri upepo wa ziwa ukaanza, ule unaoingia na harufu ya samaki wa watu. Muhogo wangu mwenyewe ulikuwa uani, umekauka. Shangazi alijivutia kitenge mabegani.

"We," akaniambia, "rudisha mulango. Baridi inaingia."

Sijui kama alijua maneno hayo ni ya nani. Sikumuuliza. Nikaurudisha mlango, nikakaa upande wa ndani.